Mama Mkwe Kanyamaza

"Mama mkwe kanyamaza."

Mnaona? Sijawakimbia. Maneno hayo ndiyo yaliyowakosesha raha wiki nzima, na wengine mmethubutu kunisimamisha barabarani mkiniuliza kama kweli nina roho ya kumuua mama wa watu katikati ya maji. Haya, kaeni vizuri. Leo hatuna nafasi ya porojo.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, shika haya tu. Kuna mwanamke ambaye kazini wanamwita Sikio. Anakaa juu ya mnara wa bandari, mbele ya kioo cha rada, akiongoza meli kwa redio. Jina hilo kalipata kwa sababu redio ikorome vipi, yeye atakwambia nahodha kasema nini. Mumewe, Baba Pacha, ni nahodha wa kivuko cha abiria. Asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka nguzo ya bendera hapo chini haionekani, lakini Baba Pacha kang'oa nanga ng'ambo kwa sababu moja tu: mkewe kamsihi. Mama mzazi wa Sikio, mgonjwa wa moyo, alikuwa apokelewe hospitali mchana wa leo, na nafasi zile ukizikosa utazisubiri mpaka uchoke.

Kwa hiyo mama yumo kivukoni. Twende.

"Mnara, mmenipata?" sauti ya Baba Pacha ilirudi redioni, ikikwaruza. "Mama mkwe kanyamaza. Nimemgusa, nimemtikisa, wapi! Kanyamaza kabisa."

Sikio alivua hedifoni akaiweka mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Masikini weee," alisema Mkuu wa Zamu, ambaye alikuwa amesikia kila kitu kwenye spika.

Mkuu huyu hakuwa mtu mbaya. Naomba hilo tulielewe mapema, kwa sababu kabla hamjamaliza kusoma mtataka kumrarua. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyemzika mama yake mwenyewe majuzi tu, na bado alikuwa na tabia ya kusimama dirishani peke yake bila kusema. Aliposikia habari ile macho yake yalijaa machozi papo hapo. Akaushika mkono wa Sikio, kisha akachukua kipaza sauti.

"Kivuko, hapa Mnara. Pole sana, ndugu yangu. Pole sana. Tumepokea. Wewe endelea tu, tuko pamoja nawe."

Redio ikakwaruza.

"Ahsante, Mnara," Baba Pacha akajibu, na sauti yake ilikuwa imetulia, utadhani katuliwa mzigo kichwani. "Basi nawategemea nyinyi."

"Usiwe na wasiwasi kabisa," alisema Mkuu.

Yawekeni akilini mazungumzo hayo. Hakuna aliyetukana hapo, hakuna aliyedanganya. Watu wawili waungwana wamesemezana vizuri, na mmoja wao ameshamfunga mwenzake macho.

Mkuu alimgeukia Sikio. "Toka nje, dada yangu. Kalie. Kiti chako nitakikalia mimi."

"Mume wangu yuko peke yake na maiti ya mama yangu," Sikio alisema. Alisema kama mtu anayesoma maandishi ukutani.

"Ndiyo maana hatutamsumbua." Mkuu akamgeukia kijana wa meza ya pili. "Sikia. Mtu yule kafiwa na mkwewe. Asiitwe ovyo ovyo kwenye redio. Mwacheni apumue, afike salama."

Sikio alitoka. Mlango wa chumba kile ni mzito, unajifunga wenyewe, na kuufungua ni mpaka uwe na kadi. Kadi yake ilibaki mezani, pembeni ya hedifoni.

Alikaa kwenye ngazi za saruji, akalia.

Alilia kwa uchungu na kwa hasira juu yake mwenyewe. Nani aliyemng'ang'ania Mama asafiri leo? Yeye. Nani aliyemwambia Baba Pacha, "Ukungu utaondoka jua likipanda, usiwe mwoga"? Yeye huyo huyo. Mama mwenyewe alikuwa amesema waahirishe. Wakamwambia anadeka.

Akampigia dada yake mkubwa.

"Dada."

"Una nini? Mbona sauti hivyo?"

"Mama ametutoka."

Upande wa pili kikasikika kitu kikianguka, sufuria au sinia, kisha kilio. Dada Mkubwa hakuwa mtu wa kulia kimyakimya. Mtaa wake wote ulisikia, na kabla hajamaliza kupumua majirani walishaanza kuingia mlangoni mmoja mmoja, maana Sikio aliwasikia wakiuliza, "Kuna nini? Nani? Lini?"

"Nani alikuwa naye?" Dada Mkubwa alipiga kelele. "Alisema nini mwisho wake? Nani kamshika mkono?"

"Sijui, Dada. Baba Pacha kasema kanyamaza tu."

"Kanyamaza! Mama yangu kanyamaza!" Simu ikakatika.

Sikio akajiegemeza ukutani. Ngazi zilikuwa baridi. Hapo nje honi za ukungu zilikuwa zinajibizana, moja huku, moja kule, na yeye kwa mazoea ya kazi akawa anazitambua bila kutaka. Ile nene ni meli ya saruji, inatoka bandarini. Ile nyembamba, yenye mafua, ni ya kivuko.

Zilikuwa karibu karibu kidogo. Hakulitia maanani. Wangapi wangelitia?

Simu yake ikaita. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa MAMA.

Alijua ni mhudumu wa kivuko katumia simu ya marehemu. Alipokea. "Ndiyo, nani mwenzangu?"

"Nani mwenzako?" sauti ilimjia juu. "Tangu lini mimi nimekuwa mwenzako?"

Sikio aliiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Mama?"

"Hebu niambie, dada yako ana nini? Kanipigia sasa hivi, nimepokea nikasema haloo, kapiga ukelele kama kaona mzimu halafu kakata. Nimempigia tena hapokei. Kuna mtoto kaungua?"

"Mama, uko hai?"

"We mtoto wewe! Niko hai, niko kwenye benchi, nina chai yangu mkononi. Kaniletea mumeo mwenyewe. Imepoa sasa kwa ajili ya upuuzi wenu."

Sikio alicheka. Kweli alicheka, pale kwenye ngazi, machozi na makamasi usoni, akacheka mpaka akashika mbavu. Mungu mkubwa! Mama hai! Baba Pacha kachanganyikiwa, pengine Mama alisinzia tu...

Kicheko kikakatika.

Kwa sababu Baba Pacha hakuwa mtu wa kuchanganyikiwa. Na tena, kitu kimoja ambacho Sikio alipaswa kukikumbuka tangu mwanzo: Baba Pacha hajawahi, katika ndoa yao yote, kumwita mama yake mama mkwe. Humwita Mama. Kama ni ugomvi, kama ni utani, ni Mama.

Sasa mama mkwe ni nani?

Ndugu zangu, hapo damu ilimwisha mwilini.

Kwenye chumba cha usukani cha kila meli siku hizi kuna kifaa cha kuzuia kugongana. Kinaisoma rada, kinazisoma habari za meli zote za jirani, kinapiga hesabu nani anakwenda wapi na kwa mwendo gani. Kikiona njia zenu zitakutana, kinapiga kelele. Kinapiga kelele mapema, ili upate muda wa kukwepa. Ni kitu kizuri sana, ila hakijui kunyamaza. Ukisogea kinalia. Mwenzako akipita mbali kinalia. Kachomoza mvuvi na kamtumbwi kake, kinalia. Mabaharia wa kivuko walikibatiza jina zamani, na Baba Pacha alipolileta jina hilo nyumbani, Sikio alimrushia mto kwa kucheka.

Mama Mkwe. Kwa sababu hakosi la kusema.

Na lile jina lilikuwa na kazi yake. Redio husikilizwa na kila mtu, akiwemo tajiri mwenye kivuko, wakiwemo na wakaguzi. Nahodha akitamka hewani kwamba kifaa kimekufa na rada imezimika, kivuko kinazuiwa, na yeye anatafuta kazi nyingine. Kwa hiyo hutamka hivyo hivyo, kwa mzaha, na Sikio, ambaye peke yake mnarani anajua, anaelewa: Mama mkwe leo ana mafua. Mama mkwe kanyamaza.

Maana yake: siioni njia. Nyinyi mlio nchi kavu mna rada, niongozeni.

Na wao wakamwambia pole sana, endelea tu, tuko pamoja nawe.

"Mama," Sikio alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Dirishani kwako unaona nini?"

"Nione nini? Ukungu mtupu. Hata maji siyaoni."

"Vaa jaketi la kujiokolea. Liko chini ya benchi lako. Sasa hivi, Mama."

"Jaketi la nini tena?"

"Mama, usinibishie leo!"

"Sikubishii, mwanangu. Miguu hii imevimba hivi, nitainamaje?"

"Mwombe mtu! Usikate simu!"

Akaitumbukiza simu mfuko wa shati la kazi, ikiwa wazi vilevile, akaparamia ngazi.

Mlango. Kadi. Kadi haipo.

Akaupiga mlango kwa ngumi. "Fungueni! Fungueni!"

Ndani, sauti ya Mkuu wa Zamu ikamjia kwa upole wote: "Pumzika kwanza, dada yangu. Nimeshaagiza gari likupeleke nyumbani."

"Fungua mlango!"

"Mwacheni alie," alimsikia akimwambia kijana wa meza ya pili. "Mimi wa kwangu nilipiga ngumi ukuta mpaka nikavimba mkono. Inabidi itoke."

Msinicheke, jamani, na wala msimtukane. Sikio alikuwa analia, anapiga mlango, anaita mama yake. Wewe ungeelewa nini?

Akaupiga teke. Akavua kiatu akaupiga kwa kisigino, akipayuka kwa nguvu zake zote: "Mama mzima! Aliyekufa ni kifaa! Rada ya kivuko imekufa! Baba Pacha haoni!"

Mlango ukafunguliwa na kijana. Mkuu wa Zamu alikuja mikono wazi amkumbatie. Sikio alimpita chini ya kwapa.

Kwenye kioo zilikuwapo nukta mbili, kila moja na kamstari kake ka kuonyesha inakoelekea. Kivuko kinakuja. Meli ya saruji inatoka, upande wa kulia wa kivuko. Vile vimistari viwili vilikuwa vinakutana.

"Hii mmeiona?"

"Tumeiona," alisema kijana, akijikuna kichwa. "Lakini kivuko huwa kinaipisha. Kengele yake itakuwa imeshalia zamani. Na Mkuu alisema tusi..."

Sikio hakungoja amalize. "Kivuko, Kivuko, hapa Mnara! Kata kulia! Usukani wote kulia, sasa hivi!"

Mkwaruzo. Halafu sauti ya mumewe, kali. "Mnara! Mlikuwa wapi? Nawasubiri mniongoze, mmenyamaza kama mmekufa! Nakata kulia. Kuna nini mbele?"

"Meli ya saruji. Iko kuliani kwako. Pita nyuma yake."

"Iko mbali kiasi gani?"

Sikio alikuwa anapima mwanya kwa kidole kwenye kioo.

"Mnara, iko mbali kiasi gani?"

"Si mbali. Kata, Baba Pacha. Kata tu."

"Nilisema mama mkwe kanyamaza!" Hakuwa anapiga kelele tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nikaambiwa endelea."

"Nilijua ni Mama. Nilidhani Mama kafa."



"Mama?" alisema Baba Pacha. "Mama nimempelekea chai kwa mkono wangu. Ee Mungu wangu."

Mkuu wa Zamu alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akakosea, akakaa nusu. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi. "Nilimpa pole," alisema. "Nilimpa pole tu."



Kwenye kioo, kamstari ka kivuko kakaanza kupinda kuelekea kulia. Kidogo. Kidogo tena. Sikio alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kamstari kale kakaanza kuelekea nyuma ya meli ya saruji, na kwa muda mfupi kabisa, muda wa mtu kumeza mate, palikuwa na mwanya wa maji kati ya nukta mbili. Kijana wa meza ya pili alisema, "Inapita. Inapita!" akampiga Sikio begani.

Na nyinyi hapo mlipo mmeshusha pumzi, najua. Sikutaka mshushe.

Nukta ya meli ya saruji nayo ilikuwa inageuka.

"Saruji, Saruji, hapa Mnara!" Sikio alipiga kelele. "Unafanya nini? Shika njia yako!"

"Mnara, hapa Saruji." Nahodha wa meli ile alikuwa na sauti ya mtu anayetoka jasho. "Kivuko chenu leo kina wazimu. Kila siku kinanipisha, leo kinanijia tu. Nimeshakata kushoto, nakikwepa."

"Kushoto ndiko kilipo! Rudi kulia!"

"Dada, nimejaza saruji mpaka mdomoni. Hii si baiskeli. Nimeshakata, mpaka irudi ni shughuli."

"Kifaa chako hakikulia?"

"Kimelia tangu zamani sana! Nikajua na cha kwake kinalia. Nikasema atanipisha, kama siku zote."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kengele moja ililia mpaka ikachoka, na mwenye nayo akaamini kwamba kuna nyingine inalia upande wa pili.

Sikio akabonyeza kitufe. "Kivuko, acha kulia! Rudi kush... Hapana. Hapana, ngoja." Akatazama kioo. Akirudi kushoto atajipanga mbele ya mdomo wa ile meli. Akiendelea kulia anaikimbilia. "Injini nyuma! Zote nyuma!"

"Injini nyuma," alijibu Baba Pacha. Kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka yote waliyosemezana kwenye redio, ambako yeye ni Mnara na mumewe ni Kivuko na si vinginevyo, akamwita jina la nyumbani. "Mama Pacha. Kulia au kushoto? Nataka moja. Wewe unaona, mimi sioni."

Na Sikio, msomaji, hakujua.

Hilo ndilo litakalomsumbua siku zote alizobakiwa nazo hapa duniani. Alikuwa na rada, alikuwa na redio, alikuwa na sikio ambalo bandari nzima ililisifu, na mumewe anamwuliza swali la neno moja, na hana neno la kumpa. Pande zote mbili zilikuwa zimeshafungwa.

"Shikilia hivyo hivyo," alisema. "Na piga honi."

Honi ilisikika kupitia redio, na ilisikika dirishani, kwa mbali, ile nyembamba yenye mafua. Halafu ile nene ikaifunika.

Kutoka mfukoni mwa shati, kifuani pake, sauti ndogo ikasema: "Haloo? Haloo, bado upo?"

Sikio aliitoa simu akaibandika sikioni. "Nipo, Mama. Nipo."

"Kuna binti mmoja kaniinamia kalitoa hilo jaketi lako. Ananifunga kamba. Ana mikono baridi huyu. Mbona kivuko kinatetemeka hivi?"

"Mume wangu anarudisha injini nyuma. Mama, sikiliza. Mshike huyo binti. Usimwachie."

"Namshika. Wewe mbona unalia?"

"Silii."

"Unalia. Nimekuzaa mimi, nakujua." Mama alikohoa kidogo. "Chai imemwagika yote. Mwanangu, mbona kuna ukuta hapa dirishani?"

Sikio aliitazama nukta ya kivuko. Aliitazama nukta ya meli ya saruji. Kwenye kioo hazikuwa tena mbili.

Kwenye simu kikaja kishindo, kama makabati yote ya nyumba yameangushwa kwa mkupuo. Halafu vyuma vikilalamika, kwa muda mrefu, muda mrefu mno. Halafu watu.

Halafu simu ikawa haina kitu. Haikukatika. Saa yake ya kuhesabu muda iliendelea kutembea kwenye kioo cha simu. Ila hapakuwa na Mama, wala binti mwenye mikono baridi.

"Mama. Mama. Mama, sema kitu. Nigombeze."

Mkuu wa Zamu alikuwa ameshikilia simu nyingine, anaita boti za uokoaji, na sauti yake inapasuka kila neno la pili. "Ukungu ndiyo, najua kuna ukungu! Waende hivyo hivyo! Wafuate honi!"

"Mkuu," alisema kijana. "Honi zote mbili zimenyamaza."

Sikio alirudi kwenye redio. "Kivuko, Kivuko, hapa Mnara. Kivuko, nijibu."

Redio ikafunguka.

Ilikuja sauti kali, nyembamba, ya kukata na kurudia, ya kukata na kurudia. Mwanzoni hakuna aliyeijua. Kisha kijana wa meza ya pili akaweka mkono mdomoni.

Umeme wa kawaida wa kivuko ulikuwa umekufa kwa kishindo, jenereta ya dharura imejiwasha yenyewe, na umeme umerudi kwenye vifaa vya chumba cha usukani. Kile kifaa kimeamka. Kimetazama huku na huku, kimepiga hesabu zake, na kinawapigia kelele wote wasikie kwamba kuna hatari ya kugongana, meli iko karibu mno, kwepeni.

Mama mkwe kaanza kusema.

"Baba Pacha!" Sikio aliita. "Baba Pacha, ni wewe?"

Kengele ile ikaendelea tu. Na Sikio alikuwa mtu wa redio, hakuhitaji kuambiwa maana yake. Ili sauti ile imfikie, lazima mtu awe amekibonyeza kitufe kule. Kuna mkono wa mtu, au uzito wa mtu, juu ya kile kitufe. Na redio zile anayebonyeza ndiye anayesikika. Hasikii. Hata mkewe akipasua koo, hasikii kitu.

"Achia kitufe," Sikio alimwambia, ingawa alijua. "Achia, mume wangu, nikwambie boti zinakuja. Achia."

Mkono ule haukuachia.

Hapo hapo simu ya mezani ikaita. Iliita wee, mpaka kijana akaipokea, akasikiliza, akamnyooshea Sikio bila kumtazama usoni. "Ni dada yako."

Sikio aliichukua kwa mkono wa kulia. Ya mkononi, ile aliyokuwa akiongea na Mama, ilikuwa bado sikio la kushoto, inatembea, haisemi.

"We mtoto!" Dada Mkubwa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na nyuma yake kulikuwa na watu wengi, kelele za watu, mtu mmoja anapiga vigelegele. "We mtoto umetuua! Mama mzima! Nilipiga simu yake nimpate aliyekuwa naye, nikasikia sauti yake, mimi nikadhani mzimu nikatupa simu, mpaka shemeji yako akanikalisha chini akaniambia maiti haipokei simu! Nakupigia ya mkononi inatumika tu. Sebule yote imejaa watu hapa, wengine washavua viatu, mwingine kaleta na mkeka! Nimewaambia wasinune, wafurahi tu, wakale makwao. Wanaaga sasa. Wanakucheka hapa! Haloo? Unanisikia?"

Kwenye spika kengele ilikuwa inalia, inakata, inarudia.

"Haloo? Hicho kinacholia hapo ni nini?"

Sikio alifumba macho.

"Dada," alisema. "Hao watu wameshafika mlangoni?"

"Wanavaa viatu. Kwa nini?"

"Wazuie," alisema Sikio. "Waambie wasiondoke."